Besi wa Mnyamwezi

Ishaka huchomea mageti na nondo za madirisha huko Bertrams, mtaa wa Johannesburg, siku sita za wiki. Ya saba ni ya besi, yule samaki wa kijani mwenye mdomo wa kumeza ngumi. Humvua, humpima, humsifia wee, kisha humrudisha majini. Mimi ni mkewe, Tumu, Mzaramo wa Dar es Salaam, na upuuzi mkubwa kuliko huo sijauona. Kitoweo kinaachiwa kiende zake, sisi tunarudi nyumbani kula maharage!

Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu. Kwa hiyo ndoa yetu imejaa matusi ya mapenzi. Mimi namwita mpagazi, kwa kuwa babu zake walibeba mizigo ya watu kutoka bara hadi pwani. Yeye husema sisi Wazaramo tukisikia ngoma tunauza shamba tukacheze. Hata alipofiwa na baba yake, nilivaa koti la marehemu nikaigiza mwendo wake mpaka wafiwa wakacheka. Hakuna aliyekasirika, ndiyo mila.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, joto la Johannesburg linapoanza kulegea, besi hula kwa pupa kabla ya baridi kuingia. Jumapili moja Ishaka alinibembeleza nipande boti yake ya alumini, aliyoinunua chakavu akaiziba matundu mwenyewe. Bwawa lilikuwa shwari, nami nikajiburudisha. "Mamba! Wallahi mamba!" nikapiga kelele, akaruka. Baadaye nikasema maji yanaingia, akainama kutafuta tundu.

"Wewe Mzaramo, nitakutosa," akasema.

Alasiri wingu jeusi likatokea upande wa mjini. Wavuvi wengine wakaanza kurudi nchi kavu. Nikamwambia na sisi twende.

"Sharp, sawa, narusha ndoano ya mwisho."

Fimbo ya kuvulia ikapinda. Besi akaruka juu ya maji, mnene, wa aina ambayo Ishaka ameiota kwa miaka. Akasimama katikati ya boti, fimbo juu, akizungusha uzi na kumsemesha samaki kama mtoto.

Hapo ndipo vinyweleo vya mikono yangu viliposimama. Fimbo ile ya kaboni ikaanza kuvuma kama nyuki. Uzi wa fimbo ya pili, uliokuwa umelala juu ya maji, ukainuka wenyewe hewani.

"Ishaka, tupa fimbo! Radi!"

Alicheka bila kugeuka. "Mamba, maji, sasa radi. Eish, Mzaramo umeishiwa."

"Wallahi tena!"

"Hata kwa mamba uliapa."

Nikamtukana yeye, nikautukana na ukoo wake. Kadiri nilivyotukana ndivyo alivyozidi kucheka. Kumrukia nimnyang'anye niliogopa, boti ingepinduka na sote hatujui kuogelea. Mume wangu alikuwa anakwenda kufa mbele ya macho yangu huku akicheka, na mimi nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuionja.

Nikaacha kelele. Nikapiga magoti, nikasema polepole, kama wanawake wengine wanavyosema na waume zao, nikimwita kwa jina la binti yetu.

"Baba Yasmin. Mume wangu. Nakuomba, iache."

Aligeuka ghafla, uso umemsawijika. Mawingu hakuyatazama, alinitazama mimi. Akaiachia fimbo, besi akaondoka nayo, sisi tukalala kifudifudi sakafuni mwa boti.

Mwanga ukatufumba macho na mshindo ukaja papo hapo. Radi iliupasua mkaratusi uliokuwa kando ya maji, karibu yetu kabisa, na harufu ya kuungua ikatufikia kabla ya mvua.

Mvua ilipopungua tukapiga kasia hadi ukingoni. Nilingoja aanze kumlilia besi wake. Alikaa tu kwenye nyasi zilizolowa, akanipa chupa ya chai nimfungulie.

"Ulijuaje safari hii si mzaha?" nikamuuliza.

"Uliponiita mume wangu," akasema, "nikajua nimeshakufa."

Nikamkumbatia shingoni nikalia kwa sauti, wavuvi wakitutazama.