Mjenzi Aliyepika Chai ya Asubuhi

Mwanangu, ipo siku moja ya mwaka wa 2012 ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mvi zangu bado ni za kuhesabika, lakini kwa hili nina haki ya kukushauri.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni Nairobi na cheti changu cha kazi za makumbusho, nikijiona mimi ndimi. Mjini Lodwar tulikuwa tukiandaa maonyesho ya kazi za mbunifu majengo mmoja, mzee aliyechora shule na zahanati nyingi za huku kaskazini. Michoro yake na vijumba vyake vya mfano vya mbao vilijaa ukumbi. Ila aliomba jambo moja: uani isimame nyumba halisi ya Kiturkana, kwa kuwa kwenye nyumba kama hizo ndiko alikojifunza kuelekeza mlango ili upepo usijaze mchanga ndani.

Kwetu, kama ujuavyo, nyumba hujengwa na wanawake. Nikamwita mama yangu kutoka kijijini Longech. Akaja na shoga zake wawili, Arupe na Asekon, wakakata fito, wakafunga makuti ya mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi, wakaimba siku tatu. Nyumba ikasimama, nzuri ajabu! Nami nikaiandikia kibao kama vile nilivyozoea kuviona chuoni: "Nyumba ya asili. Mjenzi hajulikani."

Siku ya ufunguzi mama alivaa shanga zake zote. Hakujua kusoma, basi akanishika mkono nimsomee vibao. Kila mchoro nikamsomea jina la mchoraji, naye akaitikia kwa furaha. Tukafika kwenye nyumba yake, watu wametuzunguka, na yule mbunifu yuko nyuma yetu.

"Sasa soma hii yangu," akasema. "Nataka kusikia jina yangu."

Nikakohoa. Nikamwambia jua ni kali, twende tukanywe soda.

"Soma."

Nikasoma. Nikaona furaha ikimtoka mama usoni. Mwanangu, hapo niliumia kuliko kama ningechapwa. Kisha akaangua kicheko.

"Hajulikani? Chai ya asubuhi si ulikunywa? Nani alipika? Huyo pia hajulikani?"

Uani watu wakavunjika mbavu. Yule mbunifu alicheka hadi akavua miwani, halafu akanipa kalamu yake. "Andika, kijana. Kila ukuta kule ukumbini una jina langu. Hawa walionifundisha wamekosa nini?"

Nikaandika jina la mama: Akiru.

"Bado," mama akasema. "Weka Arupe. Weka Asekon. Weka na mama yangu, yeye ndio alinifunza."

Kibao kikajaa, ikabidi tuongeze kipande cha boksi, na wanawake wakapiga vigelegele kila jina liliposomwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mama yangu alicheza kwao, na mimi mwanawe ndiye niliyetaka kumnyima tuzo.

Mwaka uliofuata maonyesho yalihamia Kakuma, na kibao chetu pamoja nayo. Mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini, muuza chapati, aliyatazama yale majina kwa muda, akauliza, "Na nyumba ya mimi kule kambini, nilijenga mimi, jina inaandikwa wapi?" Nikampa kalamu. Jioni alirudi kunieleza kuwa ameliandika juu ya mlango, na majirani wamepanga foleni kuiomba kalamu.

Basi, mwanangu, elimu itafute, lakini isikufumbe macho usimwone aliyekulea. Kabla hujasema mtu hajulikani, uliza, kwani kuuliza si ujinga. Na kazi ya mwenzako itaje kwa jina lake akiwa hai, asikie kwa masikio yake. Sifa za matangani hazimfai marehemu.

Mungu akujalie afya, akubarikie mikono yako, na siku jina lako litakapotajwa mbele za watu, uwe umesimama papo hapo, unacheka.