Silabi ya Saba

Msimu ule ugonjwa ulipotoka Mangina ukatufikia Beni, mtaa wetu wa Beu ulinuka klorini. Ilinuka kwenye ndoo za kunawia sokoni, kwenye sare za shule, hata kwenye sombe, majani ya muhogo aliyopika mama. Wapulizaji dawa walipita na makoti yenye neno refu mgongoni: DECONTAMINATION. Kwa Kifaransa tulilijua. Dada yangu Masika alilitaka kwa Kiingereza, maana alitamani kwa roho yake yote kuwa mkalimani wa wageni.

Alilikata kwa makofi uani: di-kon-ta-mi-nei-sho-ni. Jirani yetu mwalimu akacheka ng'ambo ya ua. "Mais Masika, ile mot iko na silabi sita. Inaisha na n, hapana ni!" Masika hakuwa mtu wa kunyamazishwa. "Maître, mot yenye haina voyelle, haina a-e-i-o-u, ku mwisho iko sawa nyumba yenye haina mulango." Kisha akanigeukia mimi, kitinda mimba, niliyekuwa nimenuna kwa kuachwa nje ya mchezo. "Basi zile sita ziko zangu. Ile 'ni' iko yako." Tangu hapo alipiga sita, nami ya saba, mpaka mama akatuomba tumwonee huruma.

Kisha Masika akashikwa na homa. Kwenye kituo cha matibabu tulimwona kupitia dirisha la plastiki tu. Sauti ilikuwa imemwisha, lakini aliinua kidole, akagonga plastiki mara sita, akanitazama. Nikagonga yangu. Alitabasamu, tukadhani atapona. Kesho yake aligonga nne, mkono ukashuka. Niliweka kidole changu kwenye plastiki nikangoja, nikangoja, hadi mama akanivuta nguo. Waliomzika walivaa makoti yale yale, na nililisoma lile neno migongoni mwao mpaka kaburi likajaa. Moyo wangu haujapona hadi leo.

Ndoo za klorini ziliondolewa sokoni zamani. Siku hizi nafundisha Kiingereza hapa Butembo, na matamshi mabovu siyavumilii. Wanafunzi wananiogopa kwa hilo. Juzi msichana mmoja alisoma in-fo-mei-sho-ni. Wenzake wakacheka, wakasubiri nimkemee. Nilishindwa. Nilimwambia arudie polepole, silabi zote, na alipofika kwenye 'ni' ya mwisho nilipiga kofi langu.