Suruali ya Kaki Iliyofuliwa

Kaka yangu alikuwa akiuza mitumba Tandale, mashati ya wanaume, akiyatandaza juu ya turubai kando ya wauza viazi. Ndiye aliyetulisha mie na mama tangu baba alipofariki. Kulikuwa na askari wa kituo cha jirani aliyepita kila Jumamosi kuchukua chake. Ukisita, unapigwa. Nilimwona akimpiga rungu muuza ndizi mpaka mama wa watu akajikojolea hadharani, na hakuna aliyethubutu kuinua kichwa.

Siku kaka alipokataa kutoa, nilikuwa nimempelekea chakula. Askari alimwangusha, akamkanyaga shingo kwa buti, uso ukazama kwenye tope, kisha akamtwanga rungu la kichwa, la mgongo, la kichwa tena. Nilisikia mti ukigonga mfupa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sikio la kushoto la kaka halikusikia tena.

Mama alimsihi anyamaze. "Mwanangu, hawa ni serikali. Utawashtaki kwa nani?"

"Ataniua bure, mama," kaka akajibu. "Bora anijue."

Akaenda mjini kwa wapelelezi wa rushwa. Walimpa noti zilizopakwa unga usioonekana kwa macho, ambao ukimwagiwa dawa hugeuka mwekundu. Jumamosi ilipofika askari alizipokea, akazisokomeza mfukoni. Wapelelezi wakajitokeza. Alipojua ametegwa hakukimbia, alimrukia kaka akamvunja meno mawili kwa ngumi moja kabla hawajamlaza chini. Wakammwagia dawa: vidole vyekundu, mfuko wa suruali mwekundu. Soko zima likapiga vigelegele, na muuza ndizi akamtemea mate.

Suruali ile ya kaki ilichukuliwa kuwa kielelezo, pamoja na zile noti. Kwa ajabu ya Mungu, vikahifadhiwa kwenye stoo ya kituo kile kile alichofanyia kazi.

Kesi ilipigwa kalenda mpaka tukachoka. Hatimaye mwendesha mashtaka akafungua furushi mbele ya hakimu. Suruali ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, mstari umenyooka kama wa gwaride. Noti hazikuwamo. Mtunza stoo alisema labda zililiwa na panya. Watu wengine wakacheka.

"Hii ndiyo mliyoikamata?" wakili wa askari akamuuliza mpelelezi.

"Inafanana nayo."

"Sikukuuliza kufanana."

Hakimu alisema pasipo vielelezo limebaki neno la huyu dhidi ya neno la yule, na mshtakiwa hana kesi ya kujibu. 

Tukatoka nje pamoja na mama. Askari akatufuata uani, amezungukwa na wenzake. "Vipi, muuza mitumba? Niandalie shati zuri."

Pale uani palikuwa na rundo la matofali ya ujenzi. Kaka aliokota moja akampiga nalo usoni. Pua ilipasuka. Akampiga tena, taya likaenda upande, na damu ikaruka hadi kwenye khanga ya mama. Wenzake wakamwangukia kaka kwa mateke, mbele ya mahakama, mchana kweupe. Mie nilimng'ata mmoja mkono mpaka nikaonja chumvi ya damu yake.

Kesi ya kaka haikuchelewa. Tofali lililetwa likiwa na damu iliyokauka, limefungwa vizuri, lina lebo na sahihi. Mashahidi walifika wote, maneno yao yakalingana. Alifungwa miaka mitatu.

Mama hakuimaliza miaka hiyo. Kaka alipotoka nilimpeleka Mbagala tulikomzika, akakaa mchangani mpaka adhana ya alasiri. Kisha tukaenda kwangu nikampikia ugali na dagaa, akala wote, akaniomba maji ya kunawa.