Mapokezi ya Kisauni

Juzi, uwanja wa ndege wa Kisauni, nilimwona kijana akishuka na baiskeli yake. Likizo yote aliiendesha kwenye milima ya Morogoro, akarudi Dar es Salaam kwa gari la moshi, na huku kisiwani kwa ndege. Sasa alitaka kuipanda mpaka kwao Ng'ambo.

Shangazi yake, aliyekodi gari kuja kumpokea, akaushika usukani wa baiskeli.

"Hupandi! Mtu katoka safari, aingie mtaani peke yake kama hana wenyewe?"

Kijana akasalimu amri. Gari likafunguliwa: wapokezi wamejaa tele, wengine wamepakatana. Shangazi akajibana, akaingia, akatoa kichwa dirishani.

"Basi tufuate nyuma."

Wakaondoka kwa honi na vigelegele, mpokewa nyuma yao anakula vumbi. Heshima alipewa yote, ila pa kukaa.