Mvua Iliyonyesha Siku Tatu

Barua ilitoka kwa watafiti wa majani chai. Walitaka kujua ile mvua ya mawe iliyochana chai mwezi uliopita ilinyesha siku gani, na ilikuwa kiasi gani. Mkubwa wangu aliiweka mezani pangu akasema, "Hii kazi ya nusu saa."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa karani wa kadi za mvua katika afisi ya kilimo mjini Kisii, msichana wa miaka ishirini na mmoja aliyejua kupiga taipu na kupanga mafaili. Kila mwezi watu waliojitolea kupima mvua walituletea kadi zao, nami nilinakili hesabu zao kwenye daftari kubwa.

Nikatoa kadi tatu. Ya mjini ilijazwa na mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, ambaye kipimamvua chake kilisimama uani nyuma ya duka. Kadi yake ilisema mvua kubwa ni ya Ijumaa. Ya Nyamira ilijazwa na mama muuguzi wa zahanati, na yeye aliandika Jumamosi. Ya Keumbu, ya mwalimu mmoja Msabato, ikasema Jumapili. Mimi mwenyewe niliikumbuka mvua ile ikipiga mabati ya afisi hata sikuisikia taipu yangu. Lakini Jumamosi pia tulifanya kazi nusu siku, kwa hiyo kumbukumbu yangu haikunisaidia.

Nikatazama mahali pa saa. Keumbu: 3. Nyamira: 9. Mjini: "nikifungua duka." Nikaona kwamba mwalimu anapima alasiri na muuguzi asubuhi. Halafu nikashindwa kuelewa kwa nini anayepima alasiri aandike siku nzima baada ya muuguzi. Nusu saa ikawa siku mbili.

Mwishowe mkubwa wangu akawaita wote watatu. Walikuja Alhamisi, tukakaa kuzunguka meza yake na chai na ndizi mbivu.

"Mwalimu," nikauliza, "kwa nini unapima saa tisa alasiri?"

Akanishangaa. "Nani amesema? Mimi napima saa tatu asubuhi, kabla ya kipindi cha pili."

"Na mimi pia saa tatu," akasema mama muuguzi. "Lakini kadi ni ya Kizungu, kwa hivyo nikaandika tisa, kama Wazungu."

Kumbe 3 ya mwalimu ilikuwa saa tatu ya Kiswahili. Walikuwa wakipima wakati uleule.

Mzee wa duka akaweka kikombe chini. "Sasa hii siku. Mvua ilinyesha Ijumaa jioni, mimi naona kwa macho. Kesho yake naenda kupima. Iko mvua ya Ijumaa, naandika Ijumaa."

"Mimi naandika siku niliyoyaona maji," akasema muuguzi. "Usiku nimelala. Nitajuaje yalianguka lini?"

"Na Jumamosi ni Sabato," akasema mwalimu. "Sipimi. Jumapili nakuta maji ya siku mbili, nayaandika pamoja."

"Na Jumamosi yenyewe unaandika nini?" mkubwa akamwuliza.

"Sifuri."

"Sifuri ni kusema haikunyesha!"

"Mimi nilidhani ni kusema sikupima."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mzee alitaka siku ya mvua, muuguzi alitaka siku ya kupima, na kila aliyesema nilimwona ana haki, hata nikaacha kuandika. Mwishowe mkubwa akachora kadi mpya. Juu kabisa, kabla ya hesabu yoyote: jina la mahali, inchi au milimita, saa, na neno asubuhi au jioni lisikose. Tarehe iwe ya siku ya kupima, kwa kila mtu. Siku ambayo haikupimwa, mstari; siku isiyo na maji, sifuri. Na ukipima maji ya siku mbili, useme hivyo.

"Mbuya," akasema mwalimu kwa Kigusii. Vizuri. Wote wakakubali.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, lakini sikuweza. "Bwana," nikasema, "mimi nimekuwa nikirekebisha kadi. Tangu mwaka jana, isipokuwa hii ya mwezi uliopita, nimekuwa nikirudisha nyuma siku moja tarehe za Nyamira, ili zilingane na za mjini."

Mama muuguzi akanigeukia. "Zote? Binti yangu, kuna miezi niliyorudisha mwenyewe, baada ya kusikia mzee anafanya hivyo. Halafu nikaacha."

"Miezi gani, mama?"

Akafikiri. "Sikumbuki."

Mkubwa akaniuliza nilitumia wino au penseli. Nikamwambia penseli, na kwamba tarehe za awali nilizifuta. Hakunigombeza. Alichezea ganda la ndizi, kisha akasukuma kadi za Nyamira upande wangu wa meza.

Watafiti tuliwajibu kwamba ni Ijumaa, na kiasi cha Keumbu hakijulikani kwa hakika. Kisha nikakaa siku nzima na kadi za Nyamira za tangu mwaka uliotangulia, nikizielekeza dirishani kutafuta alama za tarehe nilizofuta. Nyingine zilionekana, nyingine nilijidanganya tu kuwa zinaonekana. Jioni nikachukua wino mwekundu, nikaandika juu ya kila moja: tarehe si ya kuaminika, huenda imepungua siku moja au mbili. Nikatia sahihi yangu chini ya kila sentensi, kadi baada ya kadi.