Maiti wa Senema Katika Mji wa Kale

Siku yangu ya kwanza kazini nilivishwa hedifoni nikaambiwa nisiseme neno. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa si mbali na Marikiti. Mkuu wa Sauti, mtu mnene asiyependa salamu ndefu, alinikalisha dirishani nisikilize mtaa mpaka adhuhuri, kisha akaniuliza nimesikia nini. Nikamtajia mikokoteni, adhana, muuza maji na watu waliogombana kwa Kihindi.

"Na feni iliyo juu ya kichwa chako?"

Sikuwa nimeisikia.

"Basi hujaanza kazi, Saidi."

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na nyinyi vijana mnaobonyeza vidude msituonee huruma. Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ungali mbichi, na filamu zetu zilikuwa za habari: shule imefunguliwa, ng'ombe fulani ameshinda maonyeshoni. Kinasa sauti kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia, nacho kilining'inia begani kutwa nzima. Kabla ya kila picha tuligonga kibao, yaani mbao mbili zenye bawaba, ili mhariri akikaa mezani kwake ajue pa kukutanisha sauti na mdomo wa mtu. Ukisahau kugonga, mhariri atakulaani wewe na ukoo wako.

Kisha akaja Mkurugenzi kutoka Nairobi, kijana aliyesoma ng'ambo, mwenye adabu nyingi na fungu dogo la fedha. Alitaka filamu inayojifanya ya habari, imfuate mtu anayekodiwa kuua watu. Hadithi yote ilikuwa ya kubuni, lakini ipigwe kana kwamba ni kweli. "Nataka mtazamaji acheke," alituambia, "halafu akione haya kicheko chake."

Aliyeigiza muuaji alikuwa kinyozi wa Majengo, mwenye uso mpole hata watoto walimpenda. Tulimkalisha juu ya jiwe nje ya Ngome ya Yesu, akaieleza kazi yake kama seremala anavyoieleza ya kwake: wateja hawajui wanachotaka, vifaa vinashika kutu kwa hewa ya bahari, na mke haachi kumwuliza kwa nini hachukui kazi karibu na nyumbani. Nilicheka mpaka kicheko changu kikaingia katika mkanda, na Mkuu wa Sauti akanitoa nje.

Onyesho la mwisho ndilo lililotuponza. Muuaji, kwa kuwa ni jirani mwema, anakwenda kumzika mtu aliyemuua mwenyewe, na anatia bega lake chini ya jeneza. Wa kulala ndani ya jeneza alichaguliwa Athmani, fundi cherehani wa Kibokoni, kwa sababu alikuwa mwembamba na wabebaji wetu walikuwa wachache.

Athmani alikuwa na mama tu, Bi Zuhura, mjane asiye na ndugu. Katika Mji wa Kale wa wakati ule, jeneza likipita, wanaume waliokaa barazani huinuka wote. Mwenye duka hurudisha mlango nusu, akatoka akalibeba hatua chache, kisha akampisha mwingine. Hakuulizwi kwanza ni nani aliyekufa. Bi Zuhura hakukosa matanga ya mtu. Alipika, akafariji, na wanawake waliofariki aliwaosha kwa mikono yake. Hakuficha sababu. Mtoto wake ni mmoja, na aliogopa kwenda kaburini akisindikizwa na watu wa kuhesabika.

Mkurugenzi alikwenda kumwomba ruhusa, nami nilikuwapo.

"Baba, mimi sina ndugu," Bi Zuhura alimwambia. "N'na siku moja tu ya kutokewa na watu, ni siku ya kuzikwa kwangu. Jeneza halitezewi."

Mkurugenzi akamwahidi kwamba litakuwa jeneza la mbao za makasha, kitambaa chake hakitakuwa na maandishi, na mtu atatangulia mbele kuwaarifu watu wa barazani kwamba ni senema. Bi Zuhura akasema, "Haya, kama mtu atatangulia."

Siku ilipofika, hakutangulia mtu. Mkuu wa Sauti alipouliza, Mkurugenzi alijibu, "Wakiarifiwa wataigiza. Mimi nazitaka nyuso zao."

Kamera iliwekwa juu kwenye roshani. Maikrofoni ilifichwa kifuani mwa Athmani, chini ya kitambaa, na waya wake ulikuja kwangu, kwa hiyo ilinibidi nitembee ubavuni mwa jeneza. Tulipopinda kona ya wauza kahawa, watu waliinuka. Mabega yalikwisha ingia chini ya miti ya jeneza kabla hatujasema lolote. Wabebaji wetu wakasukumwa kando, na kinyozi muuaji naye akapotea katika umati. Shahada ikapanda mtaa mzima.

Katika hedifoni nilimsikia Athmani akihema.

"Saidi, waniombea. Waambie."

Nilimvuta kanzu mzee aliyekuwa karibu nami. Alidhani ni uchungu wa msiba. "Subira, mwanangu," akanipapasa mgongo. Nikapaza sauti, na shahada ikaimeza. Mlango wa msikiti ulikwisha onekana. Wangefika, wangepanga safu wakamsalia mtu aliye hai. Athmani alikuwa analia, nikimsikia sikioni mwangu, kisha akainuka akaketi ndani ya jeneza.

Waliolibeba mbele waliliachia. Wengine walikimbia, wengine walianguka mmoja juu ya mwenzake. Mtu mmoja akanyanyua macho akaiona kamera. Hakuna aliyetupiga, na laiti wangetupiga. Mzee Omari, muuza kahawa, aliiokota kofia yake, akaipangusa vumbi, akamtazama Athmani ndani ya sanda.

"Yeo umetutezea," alisema, akaenda zake.

Bi Zuhura hakumgombeza mwanawe. Alimngoja mlangoni, akamwambia, "Umen'malizia watu wangu, Athmani."

Bi Zuhura hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki asubuhi, na msikitini ikatangazwa. Barazani penye kahawa, niliambiwa baadaye, mtu aliuliza kama ni msiba wa kweli ama wa senema, na watu wakacheka. Tulilitoa jeneza tukiwa Athmani, kinyozi, Mkuu wa Sauti, mimi na majirani wa ukuta kwa ukuta. Tulipopinda ile kona, wanaume walikuwa barazani, na hawakuinuka. Mmoja alinyoosha shingo akizitazama roshani.

Angekuwa maiti mwanamume, tungemfunua uso tukamaliza maneno. Mwanamke hafunuliwi mbele ya wanaume wasio wake. Athmani hakuwa na kitu cha kuwaonyesha isipokuwa neno lake, na tangu siku ile ya senema neno lake halikuwa na thamani kwao. Akafanya jambo lisilofanywa, akasimamisha jeneza njiani.

"Mzee Omari, huyu ni mamangu. Aliwaosha mama zenu. Mimi nikanyeni, lakini yeye msimwate hapa ndiani."

"Apa," alisema Mzee Omari.

"Wallahi ni mamangu."

Mzee Omari alizitazama roshani za upande huu na za upande ule. Kisha akaliweka buli lake la kahawa chini, akaja akaupokea mti wa jeneza kutoka begani kwangu. Nyuma yake waliinuka wengine, lakini si wote. Kuna walioketi mpaka tukapita.

Filamu ilionyeshwa mara chache, na Mkurugenzi akarudi kwao. Mimi niliendelea na kazi mpaka nikawa Mkuu wa Sauti mwenyewe, nikafundisha vijana, nikastaafu na masikio mabovu, sasa nakaa Tudor kwa binti yangu. Vijana wa senema hunijia kuniuliza kama filamu ile ilichekesha. Ilichekesha, siwezi kusema uongo. Kinyozi yule alikuwa na kipaji.

Athmani yuko hai, mzee kama mimi, na mgongo wake umepinda. Wale waliobaki barazani siku ile wamekwisha kufa karibu wote. Kila mmoja wao, Athmani alimbeba.