Chumvi Anaijua Baba

Naikumbuka Ijumaa moja mjini Jeddah, mwanangu, siku niliyoshindwa kuiona chumvi katika jiko langu mwenyewe. Ukitaka kucheka, cheka. Nami hucheka kila niikumbukapo.

Nilikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya mizigo bandarini, na shahada yangu ya uchumi ilikuwa bado mpya. Mume wangu Salim, mwalimu ambaye huko hakuwa amepata kazi, ndiye aliyeendesha nyumba: akipika, akifua, akimsuka binti yetu Zuhura. Tuliishi kwa raha. Kisha nikaitwa Riyadh, nijiunge na watafiti waliochunguza ajira na mishahara ya wanawake. Habari nilimpa Salim, na jibu lilitakiwa Jumapili. Niliitamani kazi ile, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kuikataa, kwa kuwa ingemweka Salim jikoni miaka mingine, na mavyaa wangu, yaani mama yake, alikuwa amekuja Umra na angefikia kwetu.

Kwetu Mombasa, mavyaa akija, mke wa mwanawe ndiye apikaye. Basi nikamketisha Salim sebuleni na gazeti, nikajifunga aproni yake, nikaingia jikoni kwa madaha. Nikateleka wali, kisha nikafungua kabati hili, nikafungua lile. Nilipogeuka, mavyaa alikuwa amesimama mlangoni.

"Watafuta nini, Rukia?"

"Chumvi, Mama."

Zuhura, aliyekuwa akichora mezani, hakuinua hata kichwa. "Chumvi anaijua Baba."

Huko sebuleni Salim akalishusha gazeti.

"Na wali huu unaoungua," akauliza mavyaa, "huo anaujua nani?"

Salim akaja mbio, akaepua sufuria. Tukala kilichookoka. Nilingoja kukaripiwa, na kweli nilikaripiwa, ila si kwa nililolitarajia.

"Baba yake Salim alipika hotelini mpaka akastaafu," mavyaa akaanza, akichambua ukoko kwa vidole. "Mtaa mzima ukimwita Bwana Mpishi, kwa heshima. Leo mwanawe akipika kwake, ni aibu?"

"Watu watasema, Mama."

"Watasema, midomo ni yao. Lakini mimi niliyemfundisha kukuna nazi, wanificha nini? Mficha uchi hazai." Akamgeukia mwanawe. "Nawe na gazeti lako. La Kiarabu, na Kiarabu chako ni yalla na halas."

Tulicheka mpaka machozi. Kicheko kilipotulia, nikamweleza mavyaa habari ya Riyadh. Hakunijibu mimi, alimwuliza Salim kama angependa kwenda.

"Sijaulizwa, Mama," akasema Salim taratibu. "Lakini nimekwisha kuulizia shule ya Zuhura huko."

Jumapili nikakubali.

Kule Riyadh kazi yangu ilikuwa kuzungumza na dada zetu kutoka Kenya, waliovuka bahari ili walipwe kwa kupika, kufua na kulea watoto wa wenyewe. Kila nilipomsikiliza mmoja wao nilimkumbuka Salim. Kazi ni ile ile, jasho ni lile lile. Ikifanywa kwa madam ina mshahara, ikifanywa nyumbani aifanyaye huambiwa hana kazi. Sisi wachumi tumechelewa kuliona hilo, na baadhi yetu bado hatujaliona.

Mwanangu, uwe wa kiume au wa kike, usidharau kazi kwa sababu haina malipo, wala usimfiche anayekubeba kwa kuogopa maneno ya jirani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kabla hujakataa neema kwa ajili ya mwenzako, muulize kwanza yeye. Huenda amekwisha kufunga mizigo.

Mola akujalie riziki ya halali na mwenzi wa kucheka naye, na akupe nyumba ambamo kila mtu anajua ilipo chumvi. Amina.